Ramani ya netiweki inasema kijani, mbona simu haishiki ndani ya nyumba?

Dada yangu mkubwa alianguka msalani saa tisa za usiku. Simu alikuwa nayo mkononi, maana akiamka usiku huitumia kama kurunzi. Akampigia mwanawe, haikwenda. Akampigia mkwewe, haikwenda. Akanipigia mimi, na mimi nakaa mwendo wa dakika kumi tu kwa gari, nayo haikwenda. Simu ilikuwa na chaji na bili ya mwezi imeshalipwa. Kilichokosekana ni netiweki. Akalala pale juu ya vigae zaidi ya saa mbili, mpaka binti anayemsaidia kazi za nyumbani alipoamka alfajiri akasikia mtu anagonga mlango kwa ndala.

Nyonga ilivunjika. Alhamdulillah alifanyiwa operesheni, na sasa anatembea kwa kile kigari cha kushikilia, pole pole.

Alipokwisha kulazwa nikaipigia kampuni ya simu. Jina lake silitaji, kwa sababu nimekuja kujua kwamba yaliyotupata sisi yanaweza kumpata mteja wa kampuni yoyote. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akaniita ami, akaangalia kompyuta yake, akanambia: "Ami, nyumba hiyo iko eneo la kijani. Ramani yetu inaonesha huduma hapo ni nzuri sana." Nikamwambia kijani hicho kije kimuulize dada yangu. Hakunielewa, na si kosa lake.

Sasa sikilizeni. Mpwa wangu, mtoto wa kuzaliwa na huyu dada, ni injinia wa redio katika kampuni hiyo hiyo. Kazi yake ni kupiga hesabu za namna mawimbi ya simu yanavyosambaa mjini. Ile rangi ya kijani juu ya nyumba ya mama yake aliipaka yeye na wenzake.

Jioni ile tulikaa kwenye viti vya ukumbi wa hospitali, mjomba na mpwa, na chai ya maziwa ya kwenye kikombe cha karatasi. Alikuwa hawezi kuniangalia usoni. Nikamwambia, "Baba, mimi sikulaumu. Nieleze tu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nitaelewa." Nimesomesha hisabati na fizikia zaidi ya miaka thelathini katika sekondari ya misheni kule pwani ya Tanzania, kabla ya kustaafu na kuja Maskati kwa watoto.

"Mjomba," akasema, "watu wanadhani tumeingia kila nyumba tukapima. Ile ramani ni hesabu ya kompyuta. Tunajua mnara uko wapi, una nguvu gani, antena iko juu kiasi gani. Kutoka hapo tunakisia."

Nikataka kujua wanakisia vipi.

Mawimbi ya simu na mwanga wa taa ni jamaa moja. Mahali peupe pasipo kizuizi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Hilo nimelichora ubaoni mara zisizo na hesabu. Mjini mambo ni mengine. Wimbi linagonga ukuta, jengine linapinda kwenye ukingo wa paa, jengine linapenya dirishani likiwa limechoka. Simu yako inapokea vipande vya wimbi moja vilivyopita njia tofauti, na vipande hivyo mara vinasaidiana, mara vinauana. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na la megahezi 3,500 halifiki sentimita 9. Ndo maana mtu anasimama dirishani anazungumza vizuri, akisogea shibiri moja sauti inakatika, anasema simu mbovu.

Hakuna mtu anayeweza kufuata kila kipande cha wimbi katika mji mzima kwa kalamu na karatasi. Kwa hivyo Wajapani walichukua njia nyengine: walikwenda kupima. Yoshihisa Okumura na wenzake, wa maabara ya shirika la simu la nchi hiyo, walizunguka mji wa Tokyo na vitongoji vyake na gari lenye vipokezi, wakiandika nguvu ya mawimbi kwa masafa mbalimbali, mpaka megahezi 1,920, na kwa antena za urefu tofauti. Matokeo waliyachapisha mwaka 1968, yakiwa michoro mitupu, mistari iliyopinda juu ya karatasi ya vipimo. Wakati huo simu ya mkononi haijakuwepo madukani popote duniani. Hata simu ya gari ya Tokyo ilianza mwaka 1979. Mzee Okumura alikuja kupewa tuzo ya uinjinia ya Draper mwaka 2013, pamoja na Martin Cooper, yule Mmarekani wa simu ya kwanza ya mkononi. Jina la Cooper wengi wanalijua. La Okumura mimi nililisikia kwa mara ya kwanza hospitalini, na umri huu.

Mwaka 1980 Mjapani mwengine, Masaharu Hata, aliichukua ile michoro akaigeuza kuwa fomula ambayo mtu yeyote anaweza kuipigia hesabu. Mpwa wangu aliiandika nyuma ya karatasi ya miadi ya daktari, nami nikacheka peke yangu. Zilikuwa logi tupu! Logi ya masafa, logi ya urefu wa antena, logi ya umbali. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani, na kile kitabu cha jedwali mkononi, logi zitamfaa nini yeye ambaye babake ana jahazi. Nikamjibu zitamfaa kwenye mtihani. Leo ningekuwa na jibu bora zaidi.

Tulipiga hesabu hapo hapo. Antena ya mita 30, megahezi 900, simu iko kilomita moja. Mahali peupe wimbi linapoteza desibeli 91 na nusu. Kwa fomula ya Hata, ndani ya mji, linapoteza desibeli 126. Desibeli ni hesabu ya logi pia: kila 10 ni mara kumi. Tofauti ile ya 35 maana yake mji umekula nguvu ya wimbi zaidi ya mara 3,000. Na umbali ukizidi mara mbili nguvu haibaki robo tena, inabaki kama sehemu moja ya kumi na moja.

Fomula hiyo ina mipaka yake, na Hata mwenyewe aliiandika wazi: masafa kati ya megahezi 150 na 1,500, antena kati ya mita 30 na 200, umbali kutoka kilomita 1 mpaka 20. Simu za megahezi 1,800 zilipokuja, Wazungu wa Ulaya waliinyoosha mpaka megahezi 2,000 katika mradi wao ulioitwa COST 231. Wakatoa na fomula nyengine inayouliza urefu wa mapaa, upana wa barabara na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Siku hizi kompyuta kubwa hupewa ramani ya majengo yote ya mji na urefu wake, ikafuata mawimbi moja moja yanavyogonga na kuruka. Lakini kazi hiyo ni ghali na inachukua muda, na ramani yenyewe lazima iwe mpya.

Sasa itazame Maskati. Ruwi ni bonde lililozungukwa na vilima vya mawe matupu. Matrah imebanwa kati ya mlima na bahari. Nyumba nyingi ni fupi, minara mingi iko juu ya mapaa ya majengo yasiyofika mita 30, na kutoka mnara mmoja mpaka wa pili mara nyingi hakufiki kilomita. Kwa maneno mengine tuko nje ya mipaka ya Hata. Jabali linaweza kuziba wimbi kabisa kutoka upande mmoja, na likalirudisha lile la upande wa pili, na Tokyo iliyopimwa na Okumura haikuwa na majabali katikati ya mitaa. Tena kuna hewa. Wakaazi wa Musandam wanajua kuwa siku za joto simu zao huweza kushika mitandao ya ng'ambo ya maji, maana tabaka la hewa yenye unyevu juu ya bahari hulishikilia wimbi na kulipeleka mbali kuliko kawaida.

"Kwa hiyo mnafanyaje?" nikauliza.

Akasema wanachukua fomula, kisha wanatuma gari lenye vifaa lizunguke mitaani lipime, halafu wanairekebisha fomula mpaka ikaribiane na vipimo vya gari.

"Gari linapita barabarani," nikasema. "Haliingii msalani kwa mama yako."

Akanyamaza. Nilijuta kidogo, lakini neno lilishatoka.

Baada ya muda akanieleza lile ambalo naona kila mwenye mzee nyumbani alijue. Fomula inatoa wastani. Katika mji, nguvu halisi hupanda na kushuka kuzunguka wastani huo, na kiwango cha kupanda na kushuka, kile tulichokiita darasani mchepuko, huwa kama desibeli 8. Mainjinia wanajua. Kwa hiyo huweka akiba juu ya hesabu yao na kulenga, kwa kawaida, asilimia 90 au 95 ya mahali ndani ya eneo pawe na netiweki ya kutosha. Ikifika hapo, eneo linapakwa kijani. Asilimia 95 ni namba nzuri, mwanafunzi akinipatia ningempa zawadi. Lakini imebakisha mahali pamoja katika kila ishirini, na hapo pamoja napo pamepakwa kijani vilevile. Ramani haina rangi ya kuonesha ni nyumba ya nani.

Lingine ni kuwa rangi hiyo mara nyingi inahesabiwa kwa mtu aliyesimama nje. Kwa waliomo ndani wanapunguza kiasi kimoja kwa nyumba zote za mtaa. Mtaa wa dada walikuwa wamepunguza desibeli 15, villa mpya na fleti ya zamani sawasawa. Na kila mraba wa ramani ni wa mita 20, ambao unaimeza fleti nzima ya dada na kipande cha barabara juu yake, kana kwamba majlisi ya mbele na msala wa nyuma ni kitu kimoja.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kupima, yeye na simu, mimi na daftari. Fleti ile iko chini kabisa katika jengo la miaka ya themanini, zege na nondo, nyuma yake jabali. Dada yuko hapo tangu marehemu mumewe alipokuwa hai. Walikuja Oman mwaka 1976, wakati wengi waliozaliwa Zanzibar wanarudi. Niliandika kama hivi. Barabarani: hasi 78. Mlango wa mbele: hasi 86. Majlisi: hasi 95. Ukumbi mwembamba: hasi 104. Chumba cha kulala cha nyuma: hasi 112. Msalani, mlango wa alumini umefungwa, simu imeshikwa chini kwenye vigae alipokuwa amelala: hasi 118, halafu ikakata kabisa.

Namba hizi ni za hasi, kwa hivyo 118 ni dhaifu kuliko 78, hilo huwachanganya watu. Tofauti ya 40 ni mara 10,000. Kutoka barabarani mpaka msalani ni hatua ishirini na tano, nilizihesabu mwenyewe.

Tulipotoka nje mpwa wangu akatazama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Palikuwa na jengo jipya la ofisi, vioo vitupu vinavyong'aa. "Hili halimo kwenye ramani ya majengo tuliyotumia," akasema. Lilikuwa limesimama sawasawa kati ya fleti ya mama yake na mnara.

Hivyo vioo nivielezee kidogo, maana nchi hizi za Ghuba zimejaa vioo, na familia zetu nyingi za Dubai, Doha na hapa zinaishi nyuma yake. Kioo kinachozuia joto kimepakwa tabaka jembamba sana la madini. Linarudisha joto la jua, na linarudisha mawimbi ya simu pamoja nalo. Kwa kanuni za 3GPP, shirika linaloandika taratibu za simu duniani, kioo cha kawaida cha tabaka mbili kinakula kama desibeli 3 kwa masafa ya megahezi 3,500, yaani nusu. Cha kuzuia joto kinakula karibu 24, kama mara 250. Ukuta wa zege kwa masafa hayo unakula 19, na kwa megahezi 800 unakula 8 tu. Kwa hiyo mtu anahamia fleti mpya ya fahari, analipia intaneti ya kisasa yenye masafa ya juu, na inabidi atoke roshani kuzungumza na mamake Mombasa.

Na huko kwetu nako si kioo, ni ukuta. Ukimpigia mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar utamsikia anakwambia subiri nitoke barazani. Kuta zile nene za mawe na chokaa, na vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu hawapishani vizuri, hakuna mwenye fomula aliyeviwaza.

Nimeulizwa na jamaa tufanye nini, basi nitasema tuliyofanya sisi.

Pimeni nyumba zenu, chumba kwa chumba, hasa mahali mzee anapolala na anapooga, na milango imefungwa kama inavyofungwa usiku. Katika simu nyingi za Android namba hiyo iko kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za simu, hali ya laini. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* itafunguka kurasa ya vipimo. Vile vijiti vya juu ya kioo msivitegemee, kila mtengenezaji anavipanga anavyotaka. Kwa netiweki ya 4G, ikifika hasi 110 na kwenda chini, mahali hapo pahesabiwe hapana simu. Ziandikeni namba, na siku na saa, muzipeleke kwa kampuni kwa maandishi. Malalamiko ya kusema "netiweki mbaya" yanajibiwa kwa ramani ya kijani. Malalamiko yenye namba yalimfanya bosi wa mpwa wangu atume watu, na hao watu si ndugu zetu.

Ulizeni pia kama laini yenu inaruhusu simu za kawaida kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Ikiruhusu, weka kisambaza Wi-Fi upande wa chumba cha mzee, si mbele ya televisheni ya watoto. Vile vifaa vya kuongeza netiweki vinavyouzwa kwa kificho madukani, viacheni. Katika nchi nyingi vinataka ruhusa, na kibovu kimoja kinaweza kuvuruga simu za mtaa mzima.

La mwisho ndilo lililoniuma. Siku ile ya kupima, jirani mmoja Mbaluchi alitupa laini yake ya kampuni nyengine tuijaribu. Pale pale chini, kwenye vigae, ilisoma hasi 106. Sasa, simu ikikosa mtandao wake na ikaukuta wa kampuni nyengine, haikuruhusu kumpigia mwanao, lakini namba ya dharura inaweza kupita kwa mtandao huo wa wengine. Mifumo ya simu za mkononi imetengenezwa hivyo. Hapa Oman ni 9999, na 112 simu za mkononi huitambua pia. Usiku ule dada alijaribu namba za watoto na za ndugu, akarudia na kurudia, saa mbili. Kama angepiga 9999 huenda ingekwenda.

Hakujua. Na mimi, mwalimu wa fizikia wa miaka thelathini, sikuwahi kumwambia.

Kampuni imeweka antena ndogo kwenye nguzo ya taa upande wa jabali, na chumba cha nyuma sasa kinasoma hasi 97. Msalani ni 105. Mpwa wangu hakuiamini hata hiyo. Amemvutia mamake simu ya waya, akaifunga ukutani karibu na mlango wa msala, chini kabisa, kiasi cha shibiri mbili kutoka sakafuni, aifikie hata akiwa amelala. Wageni wakiiona wanadhani fundi alikosea.

Dada naye ana yake. Baadhi ya usiku, saa nane, saa tisa, simu yangu inalia, nashituka, napokea na moyo unadunda. "Ni mimi," anasema. "Najaribu tu kama inakwenda. Rudi ulale."